King'ora cha Gari: Kikilia, Nani Atatoka?



Mwezi huu safu yetu inaingia mahali ambapo kwa desturi huachiwa akina baba, yaani chini ya dashibodi ya gari. Akina mama wa hapa Kilole wametuomba tuzungumze juu ya alamu, zile zinazonunuliwa dukani na kufungwa na fundi baada ya gari kununuliwa. Tumekubali kwa furaha. Siku hizi gari, bajaji au pikipiki ya familia mara nyingi imetokana na jasho la mama: fedha za kikoba, mkopo wa kikundi, faida ya vitenge na machungwa. Chombo kikiibwa leo, marejesho ya wiki ijayo hayasubiri mpaka mwizi akamatwe.

Kilole ni kata ya mji wa Korogwe, na Korogwe ni mji wa njiani. Barabara kuu iendayo Moshi na Arusha inapita kwetu, na malori hayalali. Mtu aliyechomoa betri ya gari lako saa nane za usiku aweza kuwa yuko Same kabla jogoo hajawika. Hata hivyo, tunachosikia zaidi mitaani si kuibwa kwa gari zima. Ni saiti mira, betri, tairi la akiba, redio, swichi za madirisha, na mkoba ulioachwa juu ya kiti kwa dakika mbili tu. Ndiyo maana magari mengi nchini yamechorwa namba za usajili kwenye vioo, kwenye taa na kwenye saiti mira. Kioo chenye namba ya mtu mwingine hakinunuliki kirahisi. Kwa hiyo, mama mwenye fedha kidogo, kabla hujafikiria alamu, anza na hilo. Ni kazi ya muda mfupi, na haili betri.

Sasa tuje kwenye alamu yenyewe. Ni kisanduku kidogo kinachofichwa ndani ya gari. Kimeunganishwa na swichi za milango, na boneti, na kifaa cha kuhisi mtikisiko, na king'ora. Mlango ukifunguliwa bila rimoti, au gari likigongwa, kisanduku huamuru king'ora kilie na taa ziwake na kuzimika. Kazi yake inaishia hapo. Hakimshiki mtu mkono. Kinaita tu, na anayeitwa ni wewe na majirani zako.

Wenzetu wa mbali waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1997, taasisi ya Marekani iitwayo Highway Loss Data Institute, inayochambua madai ya bima za magari, ililinganisha magari yenye alamu na yasiyo nayo, na haikuona kwamba hasara za wizi zimepungua kwa jumla kwa yale yenye alamu. Katika jiji la New York watu walichoshwa na makelele hata sheria ikataka king'ora cha gari kinyamaze chenyewe ndani ya dakika 3. Watu wa mjini walikuwa wamezoea. Kilipolia, walifunga dirisha wakalala.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa kifaa kisichopiga kelele hata kidogo, yaani kile kinachozuia injini isiwake mpaka kitambue ufunguo halisi wa gari. Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya yawe nacho kuanzia Oktoba 1998. Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochunguza takwimu za nchi yao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliona kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40.

Je, gari lako linacho? Magari mengi madogo ya Kijapani tunayoagiza yakiwa yametumika hayana. Njia rahisi ya kujua ni hii: peleka ufunguo kwa fundi wa kuchonga funguo, akuchongee wa chuma mtupu. Gari likiwaka kwa ufunguo huo, basi halina ulinzi wa namna hiyo, na mwizi mwenye bisibisi na ujuzi kidogo aweza kuliwasha pia. Kwa gari hilo, alamu ya kununua ni ile inayozuia injini pamoja na kupiga kelele. Kwa gari ambalo tayari lina ulinzi huo kutoka kiwandani, alamu ya kawaida ya milango na boneti yatosha kulinda betri na redio. Hapana haja ya kulipia mara mbili.

Dukani, iwe Kariakoo au Tanga mjini, utaonyeshwa maboksi mengi yanayofanana, na muuzaji atasifia idadi ya milio. Usimsikilize sana. Milio sita yote ni ileile kwa karibu kila boksi la bei nafuu. Matokeo yake mnayajua wale mnaosali katika makanisa yenye magari mengi uani: king'ora kinalia katikati ya mahubiri, wanaume kumi wanapapasa mifuko kwa pamoja, na hakuna anayejua ni la nani. Bora alamu ambayo fundi aweza kukuachia mlio mmoja tu. Na kama fedha inaruhusu, chukua ile ambayo rimoti yake yenyewe hutetemeka na kuonyesha kwenye kioo chake kidogo kama ni mlango au ni boneti. Muuzaji atakutajia umbali mkubwa wa rimoti. Kumbuka kwamba hupimwa uwanjani mahali pa wazi, nawe utakuwa ndani ya ukuta wa tofali.

Ulizeni pia kama rimoti hubadilisha namba zake za siri kila inapobonyezwa. Zile za zamani hutuma namba moja ileile daima, na mtu aliyekaa karibu na chombo cha kunasa aweza kuirudia baada ya wewe kuondoka. Halafu hesabu rimoti ndani ya boksi. Kwa kawaida huwa mbili. Zote mbili ziwe mikononi mwako kabla fundi hajaanza kazi, na baada ya kazi mwambie afute rimoti zote katika kumbukumbu ya kisanduku na kuingiza upya hizo mbili tu mbele yako. Hatusemi mafundi ni wezi. Mafundi wengi ni waaminifu, na ndio watakaofurahi ukiomba hivyo, maana siku gari likipotea hatakuwepo wa kuwanyoshea kidole.

Kuhusu ufungaji hatutakwenda haraka, maana alamu nzuri iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa na alamu.

Mtafute fundi wa umeme wa magari, si fundi wa redio wala kijana anayefunga taa za mapambo. Mwulize atachukua muda gani. Akisema nusu saa, mshukuru uende kwa mwingine. Kazi ya uangalifu yaweza kula asubuhi nzima. Waya wa umeme wa alamu utoke kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, na fyuzi hiyo iwe karibu na betri, si mwisho wa waya kule ndani. Waya ukichubuka mahali popote katikati, fyuzi ikatike kabla waya haujawaka moto. Maungio yalehemiwe kwa risasi na kuvikwa mpira. Kusokota nyaya na kuzifunga kwa tepu nyeusi kunapendeza siku ya kwanza, lakini joto letu la Korogwe huyeyusha gundi ya tepu, nayo huteleza na kuziacha nyaya uchi. Moto wa gari haubishi hodi.

King'ora kikae ndani ya boneti mahali ambapo mkono ulioingia kwa chini haufiki, mbali na bomba la moshi, na mdomo wake uelekee chini ili maji yasituame ndani yake. Boneti iwe na swichi yake. Wengi huiacha kwa kuokoa muda, na hivyo mwizi hufungua boneti, hung'oa waya wa betri, na kisanduku chote kikawa maiti. Alamu nyingine zina king'ora chenye betri yake ndogo ndani, kiliacho hata betri kubwa ikichomolewa. Hizo zina thamani ya nyongeza ya bei.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote. Ulizeni fundi: "Unakata waya gani ili injini isiwake?" Baadhi yao hukata waya wa pampu ya mafuta au wa moto wa injini, na kuuunganisha upya kupitia swichi ndogo ya umeme waiitayo rilei. Rilei hiyo ikiwa dhaifu, siku itakapokufa, injini itazimika gari likiwa mwendoni. Nanyi mnaijua barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto, kona juu ya kona na bonde pembeni. Injini ikizimika pale, usukani huwa mzito na breki huwa ngumu, na ndani ya gari kuna watoto. Mwambieni akate waya wa stata. Rilei ya stata ikifa, jambo baya litakalotokea ni gari kukataa kuwaka asubuhi nyumbani, nawe utakwenda sokoni kwa bodaboda ukinung'unika. Na ile hadithi ya wauzaji kwamba waweza kuzima gari likiwa mikononi mwa mwizi barabarani, kwa gari la familia tunaikataa kabisa. Rimoti ni kitu ambacho mtoto hukichezea.

Gari la gia za mkono lina udhaifu mmoja hapo: wezi wawili waweza kulisukuma na kuliwasha bila stata. Kwa hilo, ongeza loki ya usukani, lile fito la chuma linaloonekana kwa nje. Halina umeme, na mwizi huliona kabla hajagusa mlango.

Kabla hujalipa, fundi akuonyeshe kitufe cha siri cha kuzima alamu pale rimoti inapopotea au betri yake inapokwisha. Wengi hukificha palepale wanapoficha kila siku, chini ya usukani, na kila mwizi anapajua. Chagua wewe mahali pengine, useme na mumeo, basi. Mwombe pia aandike kwenye karatasi rangi za nyaya alizounga na wapi alipounga. Karatasi hiyo uiweke pamoja na kadi ya gari na risiti.

Kuhusu bima, neno moja. Bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, hailipi gari lako likiibwa. Inayolipa ni bima kubwa. Ukiwa nayo, wapelekee risiti ya alamu, uulize kama inabadilisha chochote katika masharti yao, na jibu upewe kwa maandishi.

Akina mama wenye pikipiki za mkataba na bajaji walituuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu, lakini kwa kipimo. Alamu huvuta umeme hata chombo kikiwa kimelala. Ile inayovuta miliampia 20 hula karibu nusu ampia-saa kwa siku. Betri ya gari dogo yenye ampia-saa 45 itapoteza theluthi yake kwa mwezi mmoja, na ikiwa nzima itavumilia, ikiwa imezeeka haitavumilia. Betri ya pikipiki yaweza kuwa na ampia-saa 5 tu. Hata alamu inayovuta nusu ya hiyo, yaani miliampia 10, itamaliza nusu ya betri kwa siku kumi. Pikipiki inayofanya kazi kila siku haitaona taabu. Iliyolazwa kwa sababu dereva ni mgonjwa itaona. Kwa pikipiki, mnyororo mzito na kufuli kwenye gurudumu, ukifungwa kwenye nguzo au mti, bado ni ulinzi mzuri kuliko kelele.

Wengine sasa hufunga kifaa cha kufuatilia chombo kwa setilaiti, chenye laini ya simu ndani yake. Ni kitu kizuri, ila angalieni mambo mawili. Laini hiyo isajiliwe kwa alama za vidole vyako wewe mwenye mali, si za fundi, maana mwenye laini ndiye mwenye habari, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Tena laini ikikosa salio, kifaa huwa bubu. Na katika mkataba na dereva, andikeni wazi pikipiki ikiibwa nani analipa nini, na kama aliiacha bila kufuli itakuwaje. Tumeona undugu ukivunjika kwa sababu ya mstari huo mmoja kutoandikwa.

Tumefika kwenye kifaa cha kuhisi mtikisiko. Kina skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza ukali, na mafundi wengi huiacha juu kabisa ili mteja aone alamu inafanya kazi. Mwambie apunguze, kisha jaribu mwenyewe. Piga tairi kwa kiganja: isilie. Tikisa gari kwa bega: itoe mlio mfupi wa onyo. Gonga kioo kwa nguvu kidogo: ilie. Halafu ilaze nyumbani usiku mmoja uone. Paka atapanda juu ya boneti yenye joto. Embe litaanguka juu ya paa. Lori lenye tela litapita, na mvua ya masika itanyesha. Ikilia kwa lolote kati ya hayo, rudi kwa fundi kesho yake, usingoje kesho kutwa.

Mtatuuliza kwa nini tunasisitiza hivyo. Kuna mtoto wa jirani mwenye homa anayehitaji kulala, hilo mnalijua. Kuna na majirani kuzoea, kama wale wa New York, hata siku mwizi mwenyewe akija hakuna anayeinua kichwa. Lakini kuna la tatu, na hilo ndilo linalotunyima usingizi sisi. Kwetu mtu hasikii king'ora peke yake. Husikia king'ora, halafu sauti ya mtu mmoja ikisema "mwizi!", na hapo hutoka mtaa mzima, wengine na marungu, mwingine na tairi na kibiriti.

Fikirini: ni saa tisa za usiku, embe limeangukia gari lako, na king'ora kinalia. Wakati huohuo kijana wa watu ameshuka basi la usiku, yuko njiani kwenda kwa shangazi yake, begi mgongoni, na mtaa haumfahamu. Akisikia kelele, anaanza kukimbia, kwa kuwa naye anaogopa. Nani atamsikiliza? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za kila mwaka, kimekuwa kikiorodhesha watu waliouawa nchini na wale magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Kati yao wamo waliokuwa wezi na waliokuwa wapita njia. Na hata aliyekuwa mwizi kweli: tusomeni Kutoka sura ya 22 kwa makini, tuone jinsi Torati ilivyotenganisha mwizi anayepigwa usiku akivunja nyumba na yule anayeuawa jua likiwa limechomoza. Kwa huyu wa pili, damu ni juu ya aliyeua. Kazi ya mwizi ilikuwa kulipa alichoiba, si kufa kwa ajili ya saiti mira.

Kwa hiyo siku ile alamu inapofungwa, kabla ya usiku wa kwanza, mama wa nyumba apite nyumba za jirani, kushoto, kulia na ng'ambo ya njia. Awasikilizishe mlio wenyewe wa gari lake. Awaombe kwamba ukilia, wawashe taa za nje na wachungulie, na mtu ampigie simu. Asitoke mtu mmoja na panga, na neno "mwizi" lisitamkwe mpaka watu wazima wawili wameona kwa macho kwamba kweli mlango umevunjwa. Akishikwa mtu, afungiwe mahali, na watu wazima wasimame mlangoni mpaka polisi wafike. Majirani watakubali upesi kama nawe umewaahidi kwamba king'ora chako hakitalia ovyo, na kwamba kikilia ovyo utatoka mwenyewe kukizima, hata kama mvua inanyesha.

Jambo hilihili lapasa lisemwe katika vikundi vyetu vya akina mama na kwa vijana wetu wa kiume, maana wanaotangulia kukimbia na mawe mara nyingi ni watoto wetu wenyewe. Kijana wa miaka 16 aliyerusha jiwe usiku ataamka asubuhi akiwa ameshiriki kuua, na mama yake ndiye atakayekaa naye.

Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mbali na hiyo, ulizeni ofisi ya mtendaji wa kata ni nani polisi wa kata yenu, mpate na namba yake. Iandikwe katika simu ya baba na ya mama, na kwenye karatasi ukutani karibu na mlango, kwa ajili ya binti wa kazi na watoto wakubwa, siku ambayo nyote wawili mmesafiri.